Zege Halisikii Amri

Askari alindaye daraja huona zege na nyaya. Hamwoni aliyezipanga siku za kazi. Leo twamtaja mtu huyo: meneja wa uendeshaji katika kampuni ya wahandisi washauri.

Kutoka Masese hadi Daraja jipya la Mto Nile, hapa Jinja, si mbali. Daraja hilo la mita 525, lililoanza kujengwa mwaka 2014, lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Zenitaka ya Japani na Hyundai ya Korea ndizo zilizolijenga. Lakini wahandisi washauri waliisimamia kazi yao kwa niaba ya Serikali.

Katika kampuni ya namna hiyo, meneja wa uendeshaji ni kama mnadhimu wa kikosi. Hachori ramani wala hashiki koleo. Huhakikisha kwamba mkaguzi yupo kabla zege halijamwagwa, vipimo vimefika, na hati ya malipo haitiwi sahihi mpaka kazi ithibitishwe.

Nguvu za zege hupimwa hasa siku ya 28 tangu limwagwe. Hakuna cheo kiwezacho kuileta siku hiyo mapema. Kwa hiyo twawaasa askari wetu wa Brigedi ya Uhandisi, wanaojenga majengo ya umma: asemaye "ngojeni" si adui wa kazi. Kumharakisha kwa amri ni kuwaweka raia chini ya dari lisilothibitishwa. Hatuna budi kumsikiliza mnadhimu wa ujenzi kama tumsikilizavyo mnadhimu wa vita.