AT haimalizi mbuga ya Misungwi

"Funga AT, utapita popote." Hata Misungwi, ambako watu wanaijua mbuga tangu utotoni, bado kuna wenye Prado na Hilux wanaoiamini kauli hii. Si kweli, na mvua za masika huwaumbua.

AT (all-terrain) ni tairi la kati, baina ya la lami na la matope. Kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimeachana kuliko za tairi la lami, mpira wake haukatiki ovyo, na kwenye changarawe na mawe ya barabara zetu za vijijini linafanya kazi nzuri sana. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kufanya nyufa ukikauka. Ukiuingia baada ya mvua kubwa, tope linajaa kwenye mifereji ya tairi kabla hujaenda mbali, na kwa kuwa nafasi kati ya kashata za AT ni finyu, halichomoki. Shuka uangalie: kashata huzioni tena, unaona duara jeusi linalong'aa. Hapo wewe na mwenye tairi la kipara mko sawa. Mbuga ikishalowa, zunguka kwa njia ya juu kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa miinukoni, au subiri ikauke. Hakuna duka linalouza njia ya mkato.

Wengine husema basi dawa ni MT, tairi la matope lenyewe. Ni kweli linatema tope vizuri zaidi. Lakini hesabu kilomita zako. Kutoka Mwanza hadi Usagara ni lami, Usagara hadi Misungwi mjini ni lami, na ukikata kwenda Kigongo ni lami mpaka kwenye Daraja la JP Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, linalokuvusha kama kilomita 3 hadi Busisi bila kusubiri kivuko. Kwenye lami iliyolowa, mpira wa MT unaogusa barabara ni kidogo, kwa hiyo gari linachelewa kusimama. Juu ya hayo kuna kelele, mafuta mengi na tairi kuisha mapema. Kwa gari linaloshinda mashambani msimu mzima, sawa. Kwa familia inayokwenda Mwanza na kurudi, nalipinga.

Kauli inayonikera zaidi ni ya upepo: eti jaza sana, mawe hayatatoboa. Ni kinyume chake. Tairi lililojazwa kupita kiasi halibonyei likikanyaga jiwe lenye ncha, linakatwa. Tena linagusa barabara kwa katikati tu na kuisha hapo. Fuata kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Kwenye mchanga mzito punguza upepo ili tairi litandaze mguu, uende polepole, kisha ujaze kabla ya kurudi lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto na linaweza kupasuka.

Halafu kuna wanaoamini kuwa kubwa ndiyo bora. Ukitoka 265/65R17 ukafunga 265/70R17, mzunguko wa tairi unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 3. Spidomita ikisoma namba ileile, gari sasa linakwenda kasi zaidi kuliko zamani, jambo la kukumbuka unapokaribia tochi ya trafiki, na injini inabeba kazi ya ziada. Kitu cha kutazama ni namba ya mzigo: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

"Halijatumika, basi ni jipya"? Soma tarakimu 4 za mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani, sembuse ukianikwa juani mbele ya duka.

Na ushauri wa kununua mawili sasa, mawili baadaye, haulifai gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta muda wote, kama Prado nyingi. Matairi mapya na yaliyokwisha hayazunguki sawa, na difu ya kati ndiyo inayoumia kila kilomita. Jichange, ubadilishe yote kwa pamoja. Spea nayo iwe ya saizi hiyohiyo; ikiwa tofauti, ikufikishe kwa fundi pancha wa karibu tu.