Alama ya Kampani Itembee, Lakini Isituumize



Siku hizi kampani nyingi zinapenda alama yao itembee. Zamani alama ilipakwa rangi kwenye mlango wa ofisi, kwenye motokari na kwenye kofia ya kazi, ikatulia pale miaka na miaka. Leo inatengenezewa sinema fupi ya michoro, ya sekunde 10 au 15: mstari unajichora wenyewe, herufi zinaruka, rangi zinapasuka, kisha jina la kampani linasimama katikati. Sinema hiyo inaonyeshwa katika chumba cha mikutano, katika nyumba ya kubadilisha nguo, na mbele ya kila filamu ya usalama. Mwisho inaingia katika simu za watu na kufika mpaka nyumbani kwa bibi na watoto.

Kwetu pia habari ya kutengeneza sinema ya namna hiyo inasemwa. Najua wengine watauliza: kazi ya wachoraji inatafuta nini katika ukurasa wa usalama na afya? Jibu langu ni fupi. Kitu kinachowekwa mbele ya macho ya watumikaji wote ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi kinapimwa kabla ya kutumiwa. Tunapima kamba ya lifti ya shimo, tunapima breki za motokari, tunapima hewa chini ya ardhi. Sinema ya alama nayo ipimwe, kwani inaweza kuangusha mtu.

Mambo yaliyotokea kwa wengine

Sisemi maneno ya kutisha bure. Katika mwaka wa 1993, huko Uingereza, tangazo moja la televisheni la tambi za Pot Noodle lilionyeshwa, na watu 3 waliokuwa wakilitazama wakashikwa na kifafa. Tangazo lilikuwa na mimuliko ya haraka. Tangu hapo Waingereza wakaweka sheria juu ya picha zinazomulika katika televisheni.

Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, watoto walikuwa wakitazama katuni ya Pokémon. Palikuwa na kipande ambapo rangi nyekundu na bluu zilibadilishana karibu mara 12 kwa sekunde moja, kioo kizima. Siku ile watoto 685 walipelekwa hospitali. Wengi wao waliona kizunguzungu, kutapika au giza machoni tu, lakini wengine walianguka kifafa kabisa, na kati ya hao wengi hawakujulikana mbele kuwa na ugonjwa huo. Katuni hiyo ilikaa miezi 4 bila kuonyeshwa.

Jambo la tatu linatugusa zaidi, kwani ni alama hasa. Mwezi wa Juni 2007 mji wa London ulionyesha alama yake ya Michezo ya Olimpiki ya 2012. Pamoja na alama waliweka sinema fupi ya michoro. Ndani yake palikuwa na mtu anayeruka katika maji, na rangi zikimulika kwa nguvu. Mara moja watu wakaanza kupiga simu kwa chama cha wagonjwa wa kifafa, wakisema wameshikwa baada ya kuitazama. Kipande kile kikaondolewa haraka. Wenye kuitengeneza wakaeleza kwamba alama yenyewe haina ubaya, ubaya ulikuwa katika namna ilivyotembezwa.

Shikeni neno hilo, ndugu zangu. Mchoro uliotulia haukumwangusha mtu. Kilichomwangusha ni mwendo na mmuliko.

Ugonjwa wenyewe

Kifafa si uchawi, si laana, wala hakiambukizi kwa mate. Ni ubongo unaopiga umeme wake wote kwa pamoja pasipo utaratibu. Sababu ni nyingi: mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, pigo la kichwa, minyoo ya nguruwe iliyoingia katika ubongo, na mara nyingi sababu haionekani.

Kati ya wagonjwa wa kifafa, wako wachache ambao mwanga unaomulika unaweza kuwaangusha. Ni karibu watu 3 kati ya wagonjwa 100. Basi asije mtu akasema kwamba kila mgonjwa wa kifafa akimbie televisheni. Hapana. Lakini hao wachache wapo, na wengi wao ni watoto na vijana, yaani wale wanaoshika simu ya baba jioni. Tena mtu anaweza kuwa nao pasipo kujua, mpaka siku mwanga unapomkuta.

Mmuliko unaoleta hatari ni ule wa mara 3 mpaka 30 kwa sekunde. Rangi nyekundu kali ina ubaya zaidi. Mistari mingi myeusi na myeupe inayotembea nayo inaweza kufanya hivyo. Hatari inaongezeka mtu akiwa karibu na kioo, kioo kikiwa kikubwa, na chumba kikiwa giza.

Sasa tutazame kazi yetu. Nani anaketi mbele ya kioo saa 12 ya asubuhi? Ni mtu aliyetoka zamu ya usiku. Hajalala. Kukosa usingizi kunamsogeza karibu na kifafa yule aliye nacho. Pengine amesahau dawa yake, pengine jana alikunywa pombe. Anatoka katika giza la shimo, anaingia mahali ambapo kioo kikubwa kinamulika nyekundu na nyeupe. Na yule anayeingia zamu ya asubuhi anatazama sinema ile ile, kisha dakika 20 baadaye anapanda juu ya ngazi, au anashika usukani wa motokari ya tani nyingi. Hapo ndipo jambo la wachoraji linapokuwa jambo la usalama.

Wanasema: isipomulika, nani ataitazama?

Neno hili nimelisikia. Ati vijana wa leo wanataka mambo ya haraka, picha ikitulia wanageuza macho. Mimi sikubali. Macho ya mtu yanafuata kitu kinachotembea vizuri, hayahitaji kupigwa.

Tazameni lifti ya shimo. Haianzi kwa kuruka. Inaanza polepole, inashika mbio katikati, inapunguza kabla ya kusimama. Wachoraji wa sinema wanaijua kanuni hiyo hiyo: kitu kinachoanza taratibu na kumaliza taratibu kinaonekana kuwa na uzito na uhai. Kitu kinachoonekana na kupotea ghafula kinaonekana kuwa mashini iliyoharibika.

Tena sisi tuna mali nzuri ya kuonyesha. Mchoraji asiyejua mgodi atakimbilia mambo matatu: baruti inayolipuka, moto wa kulehemu chuma, na taa ya onyo inayozunguka juu ya motokari. Yote matatu ni mimuliko. Lakini nani kati yenu hajasimama akatazama shaba inayomiminika? Inatembea bila kukatika, rangi yake inageuka polepole kutoka ya moto kwenda nyekundu ya giza. Hakuna anayegeuza macho. Shaba imiminike katika kinu cha mchanga, ipoe, na ikipoa iwe alama ya kampani. Mababu zetu wa Katanga walimimina misalaba ya shaba namna hiyo, ikatumiwa kama feza. Sekunde 12 zinatosha, na hakuna mmuliko hata mmoja.

Na kama baruti ni lazima ionyeshwe, waonyeshe vumbi linapanda. Kama taa ya onyo ni lazima, izunguke taratibu, mara 1 kwa sekunde, na iwe ndogo pembeni ya picha.

Hesabu ambayo kila mtu anaweza kufanya

Sinema inatengenezwa kwa picha nyingi zinazofuatana, mara nyingi 25 kwa sekunde moja. Sinema ya sekunde 12 ni picha 300. Mchoraji akiweka picha 1 nyeupe, 1 nyeusi, 1 nyeupe, 1 nyeusi, anapata mimuliko zaidi ya 12 kwa sekunde. Ni kama ile ya Japani. Akiweka 2 nyeupe na 2 nyeusi, bado ni mimuliko 6. Kanuni inayofuatwa leo katika inchi nyingi ni hii: isizidi mimuliko 3 katika sekunde yoyote. Mimi ningependa kampani yetu iseme: mimuliko sifuri. Kanuni ya sifuri ni rahisi kuikumbuka na kuikagua.

Kuna mambo mengine ya kukagua, na yote yafanywe mbele, wakati kazi ingali katika karatasi. Fundi mzuri anaanza na michoro michache ya hatua, kama picha za hadithi, kabla ya kugusa mashini. Wakati huo kubadilisha kitu ni kazi ya kifutio tu. Sinema ikimalizika, kubadilisha ni feza nyingi, na wakubwa watasema, «acheni iende hivyo».

Neno liwe moja. Sinema ya sekunde 12 haiwezi kubeba jina la kampani, na mavazi ya kazi, na kunawa mikono, na heri ya mwaka mpya. Maneno yakae katika kioo mpaka mtu ayasome mara mbili polepole. Yawe ya Kiswahili, si ya Kifaransa peke yake. Sinema ieleweke bila sauti, kwani mahali petu pana makelele, na wengine masikio yao yamechoka na kazi.

Juu ya rangi, nasema kwa nguvu: rangi za usalama zisichezewe. Nyekundu inakataza, njano inaonya, bluu inaamuru, kijani inaonyesha njia ya kuokoka. Mkiifanya alama nyekundu ya kukataza icheze na kuruka kwa kupendeza jina la kampani, kesho mtumikaji ataiona mlangoni pa mahali pa hatari na kufikiri ni mchezo. Tena kuna wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo umbo la kila alama liseme jambo lake hata bila rangi.

Na kioo chenyewe kiwekwe mahali pazuri: chumba kiwe na taa, kioo kisiwe mbele ya ngazi wala mahali dereva anapopita.

Jambo ninaloliomba kwa wakubwa

Naomba mambo mawili. La kwanza, kabla ya sinema kuonyeshwa, itazamwe na watu watatu pamoja: fundi aliyeichora, mtu wa usalama na mtu wa hospitali. Ziko programu za kompyuta zinazopima mimuliko. Zitumiwe. Ikishindwa, irudi kwa mchoraji bila kelele.

La pili ni zito zaidi. Wako watumikaji kati yetu wenye kifafa ambao wanaficha. Wanaficha kwa sababu wanaogopa kupoteza kazi, na baba wa watoto 6 hawezi kulaumiwa akiogopa. Lakini mtu anayeficha hanywi dawa sawasawa, na bado anapanda juu na kushika mashini. Kampani iseme wazi kwamba anayekuja kujisema hatafukuzwa, atapewa kazi isiyo ya juu, isiyo ya usukani, isiyo karibu na mikanda inayozunguka wala maji. Dawa zipo. Fenobarbital ni ya zamani na bei yake ni ndogo, na watu wengi wanaokunywa dawa kila siku bila kukosa hawaanguki tena. Bila neno hilo la wakubwa, tutakuwa tumepima sinema na kumwacha mtu.

Kama mtu ameanguka mbele yako

Ondoa vitu vigumu karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa. Legeza kola. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kijiti mdomoni, usimpe maji. Mtikisiko ukiisha, mlaze kwa ubavu. Tazama saa: ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, ita ambulansi mara moja. Kaa naye mpaka ajue yuko wapi, na usiwaache watu wamzunguke wakicheka.

Na wewe, kama unatazama kioo na mimuliko inakuanza vibaya, usifumbe macho tu, kwani mwanga unapita katika ngozi ya macho. Funika jicho moja kabisa kwa kiganja cha mkono na ugeuze uso. Kisha uje hospitali utuambie. Mambo ya mgonjwa hayatoki nje ya mlango wetu.

Mimi napenda alama ya kampani yetu. Naibeba kifuani kila siku, kama ninyi. Ndiyo sababu nataka, siku itakapoanza kutembea, itembee kama mtumikaji mwenye akili: kwa utaratibu, akiangalia pande zote, asimgonge mwenzake.

Usalama kwanza, ndugu zangu.