Mjane Aliyeachwa Nje ya Riwaya

Riwaya ya mtu aliyeishi kweli ina madeni mawili: deni la uzuri kwa msomaji, na deni la haki kwa wafu. Irving Stone, mwandishi wa Marekani, alilipa la kwanza kwa ukarimu mwaka 1934 alipotoa Lust for Life, riwaya ya maisha ya mchoraji Mholanzi, Vincent van Gogh. La pili alililipa nusu.

Sifa zake zisifichwe. Kitabu hicho kililifikisha jina la mchoraji kwa watu wengi, na mwaka 1956 kikafanywa filamu. Wala si kosa kwamba Stone alibuni mazungumzo, hata akamzulia Vincent mwanamke wa njozi aitwaye Maya. Kubuni ni kazi ya riwaya. Kosa liko mahali alipochagua kukomea.

Vincent alifariki Julai 1890. Nduguye Theo, aliyemtegemeza kwa fedha miaka mingi, alimfuata Januari 1891. Riwaya yafunga mlango juu ya makaburi yao mawili. Johanna, mke wa Theo, aonekana mwishoni kama mjane asomaye Biblia kutafuta faraja, na kumlaza mumewe kando ya nduguye. Msomaji afunga kitabu akidhani kwamba picha zilijitangaza zenyewe, kama jua lisivyohitaji mtu wa kulichomozesha.

Habari za kweli ni nyingine. Johanna aliachwa na umri wa miaka 28, mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na mamia ya picha ambazo wakati huo zilikuwa na wanunuzi wachache sana. Alifungua nyumba ya kulaza wageni mjini Bussum, akafanya kazi ya tafsiri, akalea mtoto, akatunza picha. Hakuzitupa wala hakuziuza ovyo. Alizitoa katika maonyesho, moja baada ya jingine, hata mwaka 1905 zaidi ya kazi 400 za shemejiye zikatundikwa pamoja mjini Amsterdam. Mwaka 1914 alichapisha barua za Vincent kwa Theo. Mwaka 1924 alikubali kuiuzia National Gallery ya London picha ya maua ya alizeti. Alikufa mwaka 1925, kazi ya kuzitia barua zile katika Kiingereza ikiwa bado mikononi mwake.

Barua hizo ndizo Stone alizozitegemea kuliko kitu kingine. Alikunywa maji ya kisima, kisha akamwonyesha mchimbaji akilia tu kando yake.

Mtetezi atasema kwamba riwaya ilikuwa ya Vincent, si ya Johanna. Utetezi huo hautoshi. Kitabu kizima chasimulia mtu ambaye kazi yake haikutakwa na watu. Basi swali alilo nalo kila msomaji ni jinsi ilivyopata kutakwa. Kulinyamazia swali hilo ni kufundisha kwamba mateso peke yake huzaa sifa, na kwamba dunia humtambua mstahiki kwa hiari yake. Mafundisho hayo ni ya uongo, na huwadhuru wachoraji walio hai kuliko yanavyowaheshimu waliokufa.

Kurasa chache zingetosha kulipa deni lililosalia. Mwandishi aliyepata nafasi ya kumbunia Vincent mwanamke asiyekuwako, hakupata nafasi ya kueleza kazi ya mwanamke aliyekuwako.