Mkilua Hauoti Katika Ubeti

Washairi wa mwambao hawajachoka kuusifu mkilua. Mpenzi akinukia, hunukia kilua. Bibi harusi akipita, huacha nyuma yake harufu ya kilua. Na mwenye kuzililia zama zilizopita hukililia kilua pamoja nazo. Lakini mtu akiingia uani kwa hao wenye kusifu, atakuta nini? Atakuta bogonvilia iliyotoka Amerika ya Kusini, mkrismasi uliotoka Bukini, na ukoka unaonyweshwa maji asubuhi na jioni. Mkilua haumo. Hali hii yastahiki kusemwa bila ya kuoneana haya: ushairi wa Kiswahili unatumia akiba ya harufu ambayo wenyewe hawaiongezi.

Asmini ilikuja kutoka Asia, na mlangilangi vilevile. Imepokelewa, ikapewa nafasi katika kikuba na katika nyimbo, na hapana mwenye akili atakayetaka ing'olewe. Ila mkilua haukupandishwa jahazi na mtu kuja huku. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, unaoota katika kivuli cha miti mirefu, wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Mwaka 1970, mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika katika vitabu vya elimu yake, hakuupa jina la Kigiriki wala la mkubwa yeyote. Jenasi aliiita kwa jina lile lile la wenyewe, Mkilua, akaongeza neno la Kilatini, fragrans, lenye maana ya kunukia. Jenasi hiyo haina mti mwengine ila huo mmoja. La ajabu zaidi, jamaa zake wa karibu hawako Afrika. Wako Amerika ya Kati na ya Kusini, na ua la mmoja wao Waazteki wa Mexico walilitia katika kinywaji chao cha kakao. Basi wataalamu wa dunia nzima hawana budi kutamka Kiswahili ili kuutaja mti huu, ilhali Waswahili wengi wanautaja bila ya kupata kuuona.

Wako watakaojibu kwamba kazi ya mshairi ni maneno, na kupanda ni kazi ya mkulima. Jawabu hilo lina sura ya hekima tu. Msomaji wa leo akikutana na kilua katika ubeti, hukimbilia kamusi, na kamusi humwambia kwamba ni ua lenye harufu nzuri. Asmini nayo ina harufu nzuri, na waridi, na hata sabuni. Ni harufu gani hasa? Hilo kamusi haiwezi kulisema. Mshairi wa zamani alipokitaja kilua hakuwa akipamba tu. Wasikilizaji wake walikijua nyweleni na baina ya nguo sandukuni, na neno moja liliwatosha. Mti ukiondoka, neno hilo litabaki kuwa silabi tatu za kutimizia mizani.

Wengine hutoa udhuru wa nafasi: viwanja vimekuwa vidogo na saruji imeenea. Udhuru huu ungekubalika lau mti wenyewe ungekuwa mbuyu. Mti uliozoea kivuli cha msitu hautaki shamba. Pembe ya ua wenye kivuli, udongo wenye majani yaliyooza, maji wakati wa kaskazi, na subira ya mwenye kupanda, vyatosha. Mbegu na zipandwe zingali mbichi, au miche iombwe kwa wazee ambao bado wanao mti nyumbani. Lisilofaa kabisa ni kwenda kuung'oa msituni. Misitu ya pwani inaliwa na mashoka ya kuni, matanuri ya makaa na vipimo vya viwanja. Haihitaji mpenzi mwengine wa kuibomoa kwa jina la mapenzi.

Na wale wenye hoteli, wanaowauzia wageni utamaduni wa Waswahili kwa milango ya nakshi na ngoma za jioni, waulizwe kwa nini bustani zao zinafanana na bustani za kila nchi yenye joto. Aliyesafiri bahari mbili ili aione pwani hii huoneshwa bogonvilia aliyoiacha kwao.

Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Siku hizi mbachao haujaachwa tu, umetungiwa maombolezo ingali upo. Mkilua haujafa, na hauhitaji marthiya. Kila anayetaka kuutia katika ubeti, na autie kwanza katika udongo.