Kitabu Kisichosomwa Kina Pointi Ngapi?

Mvua ilinikamatia Masako, kando ya barabara ya zamani ya Buta, nikaingia katika nyumba ya jirani kungoja ikatike. Mama mwenye nyumba akanipa bede ya kupitisha muda. Haikuwa na jalada. Pini za katikati zilikuwa zimeshika kutu, ukurasa wa mwisho haupo. Lakini pembeni mwa picha, mtu alikuwa ameandika kwa biki maana za maneno ya Kifaransa, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Lingala. Mwandiko ulibadilika mara tatu: wasomaji watatu, labda ndugu waliopokezana. Nilipotaka kuiazima, mama akakataa: "Soma hapa hapa, mwanangu. Ikitoka, hairudi."

Nimeikumbuka bede hiyo kila ninaposoma habari za wakusanyaji wa Marekani. Huko, tangu mwaka 2000, kuna kampuni inayoitwa CGC ambayo kazi yake ni kupima hali ya vitabu vya katuni. Unatuma kitabu chako, wataalamu wanakikagua kona kwa kona, wanakipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha wanakifungia ndani ya sanduku bapa la plastiki lenye alama hiyo juu. Ukilifungua sanduku, alama inakufa. Sisi tuliozoea kuhesabiwa juu ya ishirini tunaielewa hofu ya pointi, lakini hata profesa mkali kuliko wote hupima kazi baada ya kuifungua, wala haifungi isifunguliwe tena.

Tuseme haki kwanza. Upimaji huo haukuanza kwa upumbavu. Mnunuzi aliyekuwa mbali hakuwa na njia ya kujua kama jalada limepakwa rangi upya au kama ukurasa mmoja umenyofolewa. Muuzaji alisema "kizuri sana", na kila mmoja alikuwa na "kizuri sana" chake. Mtu wa tatu, asiyenunua wala kuuza kitabu hicho, alileta lugha moja ya kuelewana. Watu waliacha kudanganywa kirahisi, na vitabu vingi viliokolewa na unyevu na panya. Hayo ni mema.

Ila dawa imezaa ugonjwa mwingine. Toleo la kwanza la Action Comics, lililomleta Superman mwaka 1938, liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2014 nakala moja yenye alama 9.0 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2. Nakala zenye alama ya chini huuzwa kwa bei ya chini zaidi, ingawa hadithi ndani ni ile ile, neno kwa neno. Kinacholipiwa, basi, ni kutoguswa. Kidole cha mtoto kimekuwa dosari, jina la mwenye kitabu limekuwa uchafu, na kusoma kumekuwa njia ya kupoteza fedha. Kwa mwanafunzi wa lugha hilo ni jambo la kustusha: maandishi yenye thamani kubwa kuliko yote ni yale ambayo hakuna anayeweza kuyasoma.

Mtu atasema: hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu sisi tuna ugonjwa wa upande wa pili. Kinshasa ilikuwa na Jeunes pour Jeunes tangu 1968, gazeti la katuni lililothubutu kuchapa Kihindubili, maneno ya vijana wa mtaani. Katika miaka ya 1990 Papa Mfumu'eto alichora, akachapa na kuuza vijitabu vyake kwa Lingala, kwenye karatasi rahisi, kwa watu wasiokanyaga duka la vitabu. Na Barly Baruti, aliyechora Madame Livingstone, alizaliwa hapa hapa Kisangani mwaka 1959. Sasa jiulize, msomaji: ukitaka leo kuandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya Lingala ya vijitabu hivyo, utavipata wapi? Vilisomwa hadi vikaisha, na vilivyobaki vikafungia karanga. Lugha ya mtaani huandikwa kwa nadra. Pale ilipoandikwa, tuliiacha ichanike.

Kuna jambo moja la kushangaza hapa. CGC ina makao yake katika jimbo la Florida. Katika jimbo hilo hilo, maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida inatunza karatasi za Papa Mfumu'eto. Jimbo moja, mikono miwili: mmoja unafunga kitabu ili kiuzwe, mwingine unakifungua ili kisomwe. Nafurahi kwamba karatasi hizo ziko salama. Lakini inaniuma kwamba mwanafunzi wa Kisangani anahitaji viza ili ashike kijitabu kilichouzwa njiani Kinshasa.

Tufanye nini? Mfano uko Masako kwenyewe. Katika hifadhi ile, wenzetu wa Fakulte ya Sayansi hukusanya mimea. Jani likikaushwa, hawalipi pointi. Wanaandika karatasi ndogo: limetoka wapi, tarehe gani, nani alilichuma, mti ulikuwa na urefu gani, ua lilikuwa na rangi gani kabla ya kukauka. Hata jani lililoliwa na wadudu hupata karatasi yake. Alama huhukumu, maelezo hueleza.

Fakulte yetu ingeweza kuanza hivyo hivyo, kwa kabati moja na daftari moja. Kila bede tutakayoletewa, hata isiyo na jalada, iandikiwe: ilipatikana wapi, inatumia lugha zipi, kurasa gani zimepotea, nani aliandika nini pembeni. Mwenye nayo akikataa kuitoa, kama yule mama, ana haki. Tuipige picha nyumbani kwake, tumrudishie mkononi.

Najua jibu la baadhi ya walimu wetu: bila bei, hakuna anayetunza kitu. Kuna ukweli ndani yake. Lakini yule mama hakuwahi kuambiwa bede yake ina bei gani, na bado hakuniruhusu kutoka nayo mlangoni. Aliitunza kwa kuwa ilikuwa bado inasomwa nyumbani kwake.

Huko Marekani bede ile isingepata alama ya maana. Kwangu ilikuwa na wasomaji watatu, lugha tatu, na kazi ya mwaka mzima kwa mwanafunzi mwenye biki na subira. Mvua ilipokatika nilikuwa sijaimaliza.