SHULE YA MAPADRI AU YA SERIKALI? TUACHE KUCHAGUA KWA JINA



Ndugu wazazi wa Kiislamu wa Kongo, kila inapokaribia Septemba sisi walimu wa madrasa huulizwa: "Ustadh, mtoto nimpeleke kwa mapadri au shule ya serikali?" Wapo wanaoamini kwamba kwa mapadri elimu ni bora tu. Wapo wanaosema kumpeleka huko ni kumuuza mtoto. Wote wanakosea.

Tuanze na historia. Mkataba wa 1906 kati ya Dola ya Leopold II na Vatikani uliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi ili wafungue shule. Shule rasmi zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika zilisubiri hadi 1954. Wazee wetu walioogopa watoto wasije wakabatizwa walikuwa na sababu.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1974 serikali ilitaifisha shule za dini. Mkataba wa 1977 ukarudisha uendeshaji kwa makanisa, huku mishahara ya walimu ikiwa juu ya serikali. Kwa hiyo shule nyingi za Kikatoliki nazo ni za umma! Mtaala ni mmoja, mtihani wa taifa ni mmoja, na tangu 2019 elimu ya msingi katika shule za umma, zikiwemo hizo za mkataba, ilitangazwa bure. Nasi Waislamu tunazo shule za mkataba.

Basi tuulize yenye maana. Darasa lina watoto wangapi? Tangu ada iondolewe, mengi yamefurika. Je, mwalimu huingia kila siku? Binti ataachiwa hijabu yake? Mtoto wetu atalazimishwa Misa? Shule inayomlazimisha Misa, tumtoe, hata iongoze kwa alama. Isiyomlazimisha, na inafundisha vizuri, tusiiharamishe kwa maneno ya barazani. Inasimuliwa katika Siyrah kwamba baada ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madiynah. Mateka hao walikuwa washirikina!

Tuambizane ukweli. Mtoto hapotezi dini kwa mwalimu wa hesabu. Anaipoteza katika nyumba isiyoswali, ambayo baba anakumbuka madrasa Ramadhaan tu. Na tukitaka shule zetu wenyewe ziwe bora, tuzisimamie: tuhudhurie vikao vya wazazi, tumuulize mkuu wa shule, tuwape moyo walimu.

Allaah Awaongoze watoto wetu, Awape elimu yenye manufaa duniani na Aakhirah. Aamiyn.

Wabillaahi Tawfiyq.