Orodha ya Chama Isifutike kwa Kidole Kimoja

Kuna ugomvi wa chama ambao hauna mwizi. Pesa ziko kwenye akaunti, hata shilingi haijapotea, lakini orodha ya nani amechanga ngapi haipo. Mtu alikuwa anarekebisha jina lake kwenye simu, kidole kikateleza, ukurasa mzima ukaenda. Sasa kila mtu anakumbuka hesabu inayompendeza.

Wengine hudhani sisi tunaweza kuirudisha. Ukweli ni kwamba rekodi yetu inaonyesha nani alituma, kiasi gani na saa ngapi. Lakini ile shilingi 1,000 ilikuwa mchango wa mwezi, faini ya kuchelewa ama marejesho ya mkopo? Hilo sisi hatujui. Liko kwenye orodha yenu peke yake. Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: haki ya kuandika kwenye orodha na haki ya kuifuta zisiwekwe pamoja mikononi mwa kila mwanachama.

Tunajua mtakachosema: "Sisi tunaaminiana." Vizuri, bila hivyo hakuna chama. Lakini vikundi vingi vya akiba vijijini hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hakuna anayeona hizo kufuli kama matusi. Zinamlinda hata mwenye ufunguo, maana hakuna atakayemnyooshea kidole yeye peke yake. Mbona tufunge sanduku halafu tuache hesabu yake wazi?

Tuanze na ile orodha ya WhatsApp ambayo kila mtu ananakili, anaongeza jina lake, anatuma tena. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea na hakuna aliyelifuta. Kwa harambee ya siku mbili, sawa. Kwa mkopo wa mwaka mzima, hapana.

Kama mnatumia Google Sheets, mambo manne yanatosha.

Kwanza, wapeni wanachama wote ruhusa ya kutazama tu, na ya kuhariri mpe mweka hazina na katibu. Na jihadharini na ile linki inayomruhusu yeyote aliyenayo kuhariri. Ikishatumwa kwa kikundi, hamjui itafika wapi.

Pili, fungeni kurasa za miezi iliyokwisha. Kuna sehemu ya kulinda ukurasa, na ni rahisi kuipata ukitumia kompyuta. Ukurasa uliolindwa haufutwi na mtu ambaye hajaruhusiwa, hata kama anaweza kuhariri kurasa zingine.

Tatu, jueni faili ni ya nani. Kama iko kwa akaunti binafsi ya mwanachama, siku akihama chama ama akifunga akaunti hiyo, inaweza kwenda naye. Fungueni barua pepe ya chama, faili iwe ya chama.

Nne, jifunzeni kurudi nyuma kabla ya shida. Google Sheets huweka historia ya matoleo, na mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kurudisha la jana. Faili nzima ikitupwa, hukaa kwenye pipa la taka la Google Drive siku 30, kisha inaondoka kabisa. Chama kinachokutana kila baada ya miezi miwili kinaweza kugundua kikiwa kimechelewa.

Kuna pingamizi moja tunaloliheshimu: mkiwafungia wengine, si mnampa mweka hazina nguvu zote? Kweli, hatari hiyo ipo. Ndiyo sababu tunataka wahariri wawili, na wanachama wote wawe na ruhusa ya kutazama wakati wowote, bila kuomba. Kisha kila mwisho wa mwezi, nakala ipakuliwe na kutumwa kwenye kikundi. Hapo hakuna anayeweza kubadilisha ya Machi mwezi wa Juni bila watu kuona.

Na hesabu ikikosewa, msiifute. Kwenye kile kitabu cha zamani, kosa lilikatwa kwa kalamu na bado lilisomeka. Fanyeni vivyo hivyo: andikeni mstari mpya wa marekebisho, na tarehe, na sababu.

Kwa upande wa malipo, kama chama kina Paybill, kubalianeni cha kuandika kwenye nafasi ya akaunti: jina na kazi ya pesa, kama FAINI ama MKOPO. Ikitokea orodha imeharibika, taarifa ya malipo itawasaidia kuijenga upya.

Mkutano ujao, kabla ya chai, ulizeni swali moja: nani hapa anaweza kufuta orodha yetu sasa hivi? Kama jibu ni "sisi wote", ama "hatujui", hiyo iwe ajenda ya kwanza.